Miguu Chini ya Geti

Jumamosi Jeff angekuja na pikapu kumhamisha mama yake. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa, na Wachuka mwenyewe ndiye aliyeliamua, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumlaumu. Kitanda kingeenda, kabati la vyombo lingeenda, kuku sita wangetafutiwa mtu, na shamba lake dogo la hapa Bahati, nje ya Nakuru, linaloshuka kutoka nyumbani hadi kwenye kijito, lingelimwa na Ndung'u, mkulima aliyepatana na Jeff, ambaye tayari alikuwa amelipima kwa hatua zake ndefu. Kaburi la mumewe Muiruri lingebaki pale pale karibu na migomba. Huko mjini Nakuru, mtaa wa Rhonda, Jeff alikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja alilala yeye na mkewe Cate, upande wa pili mtoto wao Abby. Wachuka angelala na Abby.

"Angalau huko nitaona watu wakipita mlangoni," alikuwa amemwambia mwanawe.

Jeff alikuwa ameandika kwenye simu yake, kisha akamgeuzia kioo asome: *Sawa mum. Usijali.*

Leo ilikuwa Alhamisi. Wachuka aliamka, akawasha moto, akakoroga uji, akaunywa akiwa amesimama. Tangu mwisho wa Agosti hakuna jirani aliyekanyaga uwanja wake, na sasa ilikuwa Novemba. Alikuwa ameishi mahali hapa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amezalisha wanawake usiku wa mvua, amepika katika harusi ambazo hazihesabiki, ameimba sauti ya pili kwenye kwaya mpaka watoto wa kwaya wakawa na watoto wao. Na sasa hakuna hata mmoja. Alijua sababu, au alidhani anaijua. Waliogopa ugonjwa wake.

Ulikuwa umeanza kama maumivu ya kawaida tu ya kichwa. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Bahati inayoingia hadi kwenye meno, na walikuwa wakichimba viazi, au waru kama wanavyoviita hapa, yeye na Eucabeth, Mama Mitchelle wa ng'ambo ya barabara. Eucabeth alikuwa Mluhya, baba mkwe wake alifanya kazi ya reli Nakuru mpaka akastaafu na kununua kiploti hapa. Wanawake hawa wawili walikuwa wamelimiana miaka ishirini, leo kwako, kesho kwangu.

"Mama Jeff, mbona leo unachimba kama mtu anayetafuta sindano?" Eucabeth aliuliza.

"Kichwa kinaniuma."

"Kitaacha aje kuuma na umekifunga kitambaa kama mzigo wa kuni? Legeza."

Alilegeza. Hakikuacha. Kesho yake mwangaza wa dirisha ulimchoma macho kama moshi wa pilipili, na shingo ikawa ngumu kama mchi. Eucabeth alimshika mkono mpaka kwenye zahanati. Nesi wa pale alikuwa msichana mdogo, mpole, mwenye kalamu mbili nyweleni.

"Shosho, jaribu uguse kifua na kidevu."

"Hakifiki."

Nesi alijaribu kumsaidia taratibu kwa mkono, na Wachuka akalia kama mtoto. Basi nesi akaandika barua. "Nenda hospitali Nakuru leo, shosho. Sio kesho. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, ule ugonjwa unaoshika utando wa ubongo. Watakutoa maji kidogo mgongoni wajue ni mdudu gani, halafu wakupe dawa yake."

Nje, chini ya jua, Eucabeth aliichukua ile barua, akaikunja mara nne.

"Maji ya mgongo? Hapana. Hapana, Mama Jeff. Makhanu, shemeji yangu, walimdunga hiyo sindano Jumatatu. Jumatano tukaenda kuchukua maiti."

"Lakini nesi amesema leo."

"Nesi amezaliwa juzi. Twende nyumbani nikuchemshie dawa. Ikikataa, tutaenda."

Alisema kwa upendo. Hilo Wachuka hakuwahi kulikana, hata katika siku za uchungu. Makhanu alikuwa ameuawa na ugonjwa, lakini ugonjwa hauonekani na sindano inaonekana, na watu hulaumu kile walichokiona. Siku mbili Eucabeth alikaa naye katika chumba chenye giza. Alimfuta uso, alimgeuza, alimwaga ndoo. Ng'ombe wake mwenyewe alilia kwa uzito wa maziwa na hakwenda kumkamua, akamwachia mjukuu wake. Ijumaa asubuhi Wachuka alimwita kwa jina la mama yake aliyekufa zamani, kisha mwili ukaanza kutetemeka na macho yakageuka. Ni Eucabeth aliyekimbia barabarani bila viatu kutafuta gari.

Kati ya hapo na siku ya tisa hakukumbuka kitu, isipokuwa nyuso zilizofunikwa barakoa. Siku ya tisa aliamka akaona barakoa zimetoka na midomo inacheza.

"Mbona mnanong'ona?" aliuliza.

Wodi nzima iligeuka kumtazama.

Hawakuwa wakinong'ona. Kulikuwa na mwanafunzi wa unesi aliyeitwa Kimberly, naye ndiye aliyeshika kiganja chake na kuandika juu yake kwa kalamu: *Masikio yanapumzika kwanza.* Siku chache baadaye daktari aliandika ukweli kwenye karatasi. Ugonjwa ulikuwa umepenya mpaka ndani ya sikio na kuharibu pale panaposikia na pale panaposhikilia mtu asianguke. Dawa zilikuwa zimeokoa maisha. Masikio, asiyategemee sana. Kama angekuja mapema? Daktari aliinua mabega, akaandika: *Labda. Kwa ugonjwa huu hata nusu siku ni kubwa.*

Ile karatasi ya daktari aliikunja akaihifadhi. Lakini aliloshukuru zaidi lilikuwa lile neno la Kimberly kiganjani, ingawa halikuwa kweli, kwa sababu yule binti alirudi Jumapili, siku yake ya mapumziko, akamwosha nywele na kumsuka mistari minne, bila kutumwa na mtu.

Siku aliyorudi nyumbani, majirani walijaa sebuleni. Waliimba, alijua kwa jinsi vifua vilivyopanda na kushuka pamoja. Waliomba. Waliongea wote kwa wakati mmoja, wakimtazama, wakingoja ajibu, na yeye alikuwa katikati yao kama mtu aliye nyuma ya kioo cha gari. Uchungu ukamjaa. Eucabeth alikuwa ameketi mbele yake na kikombe cha chai. Wachuka alimwinamia Jeff, akamnong'oneza sikioni polepole ili mtu asimsikie, "Leo ningekuwa nasikia, kama singemfuata huyu mwanamke."

Muda si muda wageni walianza kuondoka. Eucabeth aliondoka wa kwanza, hakumaliza chai. Wachuka aliwaona wakitoka na macho chini, wakipita mbali na kiti chake, akakumbuka barakoa za hospitali. Akajiambia, basi, ndivyo itakavyokuwa.

Alienda kanisani mara moja. Alikaa kwenye benchi akaangalia midomo ikifunguka na kufungika kwa wimbo ambao aliujua tangu utotoni, na hakuweza hata kujua wamefika ubeti gani. Hakurudi tena. Simu yake ndogo ilikuwa imepotea hospitalini. Jeff alikuwa amemnunulia nyingine yenye laini mpya, na namba hiyo aliijua Jeff peke yake. Kwa kuwa hangeweza kusikia mwizi akija, alimwomba Jeff abadilishe geti la miti kwa la mabati, lenye komeo la ndani. Ua wa kaiyaba ulikuwa mrefu na wenye miiba, huoni ndani, huoni nje. Jeff alikuja kila Jumapili ya pili, na alipokuja alituma ujumbe kwanza, simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni, naye akaenda kumfungulia.

Siku nyingine zote zilikuwa zake peke yake.

Watu hudhani uziwi ni kimya. Kichwani mwa Wachuka kulikuwa na mashine ya kusaga unga ambayo haikuzimwa, mchana wala usiku, na ndani ya ule mngurumo hapakuwa na mtu. Mvua ya kwanza ya vuli ilipokuja aliijua kwa kuona dirisha limelowa. Aliketi akaitazama ikipiga mabati ya jikoni bila sauti hata moja, na hapo ndipo alipolia kweli, kuliko hospitalini. Aliongea na kuku, kisha akaacha, kwa sababu hakujua kama maneno yanatoka. Aliimba moyoni tu, sauti ya pili bila sauti ya kwanza.

Ndiyo sababu aliposema atahama, alisema kwa wepesi. Mtu akishahamwa na watu, kuhama mahali si kazi.

Basi Alhamisi hiyo, baada ya uji, alikwenda kung'oa maharagwe aliyokuwa ameyapanda kando ya ua karibu na geti. Hakutaka Ndung'u ayakanyage. Alifanya kazi akiwa amepiga magoti, maana tangu ugonjwa ardhi haikuwa ikitulia chini ya miguu yake, na kupiga magoti kulikuwa salama. Alikuwa amefika shina la tano au la sita alipoinua macho, akaona miguu.

Geti halikugusa ardhi. Chini yake kulikuwa na nafasi ya kama shubiri moja, na katika nafasi hiyo palisimama gambuti mbili nyeusi, viatu virefu vya mpira vya kuvaa kwenye tope.

Wachuka aliganda. Wazo la kwanza lilikuwa mwizi. Alishika maharagwe kifuani kama ngao, jambo ambalo baadaye lilimchekesha. Lakini ile miguu haikufanya lolote. Ilisimama tu. Gambuti moja ilipanda juu ya nyingine ikajikuna, ikashuka. Kikapu kikatua kando yake. Miguu ikasogea nyuma hatua moja, kama mtu anayenyoosha shingo kuangalia juu ya ua, ikarudi. Ikangoja. Ilingoja muda mrefu, mrefu kuliko mtu anavyongoja mahali asipotaka kuwa. Kisha kikapu kikainuliwa, gambuti zikageuka, na kwenye kisigino cha kushoto Wachuka akaona kiraka chekundu cha mpira wa tyubu.

Kile kiraka alikijua. Alikuwepo kikibandikwa. Alikuwa ameshikilia kiatu wakati Eucabeth anapaka gundi, na Eucabeth akasema gambuti hii itazikwa na yeye, na wote wawili wakacheka.

Miguu ikaondoka.

Wachuka alibaki magotini. Aliuona tena mkao ule, kikapu chini, hatua nyuma, kungoja, na polepole akaelewa alichokuwa akikitazama. Ni mtu anayebisha hodi. Alikuwa ameita. Huenda aliita mara tatu kama desturi inavyotaka, huenda mara kumi, na ndani hakuna aliyemwambia karibu. Na mtu mwenye adabu haingii kwa mwenzake bila karibu. Anangoja, halafu anaenda zake.

Alisimama kwa kushika ua, miiba ikamchoma, akavuta komeo.

Barabara ilikuwa tupu. Lakini nje ya geti, mahali ambapo Jeff alipita haraka kila Jumapili ya pili bila kuangalia chini, nyasi zilikuwa zimekufa. Zilikuwa zimekanyagwa mpaka udongo ukatoka, na katika tope mlikuwa na alama za gambuti, na za sandali, na za viatu vya kisigino vya kwenda kanisani. Na kando, karibu na mwimo, kulikuwa na jiwe bapa ambalo yeye hakuliweka. Mtu alikuwa amelikokota kutoka mtaroni. Lilikuwa limeng'aa juu kwa kukaliwa.

Watu walikuwa wamekuja mpaka wakahitaji pa kuketi.

Hakurudi ndani kubadilisha nguo. Alivuka barabara akiwa na matope magotini, macho yake yakiwa yamekazwa kwenye ardhi, maana sasa alitembea kwa macho, na akiyainua tu alipepesuka kama mlevi. Bodaboda mmoja alisimama kabisa kumpisha, kisha akashuka, akamshika kiwiko mpaka upande wa pili, akapanda akaenda. Hakumjua. Alikuwa na jaketi lililochanika begani.

Kwa Eucabeth hakukuwa na geti la mabati, ila miti mitatu iliyolazwa katikati ya nguzo mbili, hata ndama angeweza kuiruka. Wachuka alisimama mbele yake.

"Hodi," alisema.

Alihisi neno likitetema kooni, lakini hakujua limetoka na ukubwa gani.

"Hodi hapa."

Kwenye jiko la Eucabeth moshi ulipenya juu ya paa. Kulikuwa na mtu ndani. Labda amekwisha sema karibu. Labda amesema mara tatu, anashangaa mbona mgeni haingii. Au labda amemtambua kwa sauti akanyamaza, na ana haki. Au ametamka neno baya, nalo limemfikia Wachuka na kudondoka chini kama yale mengine. Hakuna njia ya kujua. Mama yake aliwahi kumchapa fimbo kwa kuingia kwa jirani bila kukaribishwa, akiwa na miaka sita, na kwa miaka hamsini na saba tangu hapo hakurudia kosa hilo, hata msibani.

Alisimama pale mpaka akalazimika kushika nguzo. Alifikiri, hivi ndivyo alivyosimama yeye. Kisha akaondoa mti wa juu, akaondoa wa pili, akaruka wa tatu kwa kushika nguzo, akaingia bila karibu.

Eucabeth alikuwa amempa mgongo, amechutama akipuliza moto. Kivuli cha mlangoni kilipomfikia aligeuka. Mwiko ukamponyoka mkononi. Alisimama, na mdomo wake ukaanza kwenda kwa kasi, kasi ambayo Wachuka aliijua sana lakini sasa haikuwa na kitu ndani yake.

"Mama Mitchelle, sisikii," alisema. "Usiusumbue mdomo."

Eucabeth alivuta pumzi akapaza sauti. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Hata ukipiga kelele mpaka Subukia waitike, mimi sitakusikia. Masikio hayako. Yamekufa yote mawili."

Eucabeth alitazama huku na huku. Kisha akainama, akatoa kipande cha mkaa baridi kando ya jiko, akaenda nyuma ya mlango wa mbao. Shule alikuwa ameiachia darasa la nne, na herufi zake zilikuwa kubwa, kila moja imesimama peke yake kama mtu kwenye foleni.

NIMETOKA KWAKO.

"Najua. Nimeona miguu yako."

Eucabeth alitikisa kichwa kwamba hilo si lote. Akaandika tena. KILA ALHAMISI. NAITA KWA NGUVU UNANYAMAZA. NILIDHANI UNASIKIA KIDOGO.

"Kila Alhamisi?"

NA WATU WA KWAYA. SIMU UMEZIMA.

"Simu ilipotea hospitali. Nani ameweka lile jiwe?"

Eucabeth alijigusa kifua. Akagusa goti lake la kulia, lile bovu, kueleza kwa nini.

"Na wewe, mwanamke wewe, unaketi nje ya geti la kiziwi ukiita hodi. Ulitaka nani akujibu? Kuku?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Eucabeth ulilegea kidogo. Kisha ukakaza tena. Aligeukia mlango, na safari hii aliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo. NILIJUA UMENIKATAA. ULISEMA MBELE YA WATU.

"Nilisema nini?"

UNGESIKIA KAMA HUNGENIFUATA.

Wachuka aliisoma mara mbili. "Hiyo nilimnong'oneza Jeff. Sikioni. Ulijuaje?"

Eucabeth alimtazama, na machozi yalikuwa yamemjaa, lakini pembe za mdomo zilikuwa zinacheza. Alifungua mikono yote miwili, akaipanua, akaipanua zaidi, kama mtu anayeonyesha ukubwa wa fahali.

"Nilipiga kelele?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Wote walisikia?"

HATA PASTA, aliandika Eucabeth.

Wachuka aliketi kwenye kigoda bila kuambiwa. Alikumbuka macho yaliyoinama, watu waliopita mbali na kiti chake, kikombe kilichoachwa nusu. Hawakuwa wakiuogopa ugonjwa. Walikuwa wakimwonea aibu rafiki yake, na wakimwonea yeye huruma, na yeye akaenda akajikomea ndani.

Angeweza kusema kwamba hakumaanisha. Ingekuwa rahisi. Lakini walikuwa wamezeeka mno kwa uongo, na tena mlango ule ulikuwa umesema kweli tupu.

"Nilimaanisha," alisema. "Siku ile nilimaanisha. Na siku nyingine nyingi. Nikiamka nawaza zile siku mbili." Aligusa koo, akajaribu kuhisi kama sauti ilikuwa kubwa, akashindwa kujua. "Lakini ni wewe uliyekaa nami siku zile mbili. Na ni wewe uliyekimbia bila viatu. Sasa nikizikata siku zile, nikizitupa, na wema huo nao nautupa? Barua ilikuwa yangu. Nesi aliniambia mimi."

Eucabeth aligeuka mlangoni kuandika. NISA, aliandika, na Wachuka akainuka akamshika mkono.

"Hiyo usiandike. Mlango umejaa."

Walisimama hivyo, mkaa katikati ya viganja vyao. Halafu Wachuka akakumbuka, na akamwambia kuhusu Jumamosi, pikapu, na Ndung'u aliyelipima shamba. Eucabeth alisikiliza mpaka mwisho. Aliinua mkaa, akautazama mlango, akauweka chini. Alichukua sahani, akapakua viazi na mboga, akampa. Wakala. Alipomsindikiza mpaka barabarani alimshika kiwiko, na kwa jinsi alivyombana Wachuka alielewa kwamba hakuwa na neno la kumzuia, kwa kuwa alijiona hana haki ya kumshauri tena maisha yake yote.

Jumamosi Jeff alifika saa tano akiwa na pikapu ya rafiki yake na kamba. Alituma ujumbe kutoka barabarani, kisha akaona geti liko wazi kabisa, akaingia kwa mbio akidhani kuna baya. Alimkuta mama yake jikoni, amezungukwa na wanawake watatu wa kwaya, na Eucabeth, ambaye ndiye aliyewaita, mlangoni amekunja mikono kifuani kama askari.

Jeff aliandika: *Mum kwani kuna sherehe?*

"Sihami."

*Aki mum. Gari nimeshaleta. Na mwizi akiingia usiku?*

"Atakuta mwanamke kiziwi na kuku sita. Awachukue kuku."

Jeff hakucheka. Alikuwa kijana mzuri, na alikuwa amechoka. Tangu Julai alikuwa amekonda. Aliandika polepole safari hii, akafuta, akaandika tena. *Na ukiugua tena? Nani atajua? Mimi ndio nilikuta umefungwa drip hunijui. Siwezi hiyo mara ya pili.*

Wachuka aliisoma. Hilo ndilo lilikuwa swali la kweli, na hakuna kitu alichoambiwa na majirani kilicholigusa. Alimtazama mwanawe. Alifikiri pengine ni yeye anayehitaji kuhamishwa, apumzike, na akafungua mdomo kusema sawa, pakia.

Eucabeth alinyoosha mkono. Hakuomba, alinyoosha tu, na Jeff kwa kuzoea kumheshimu akampa simu. Aliishika kwa mikono miwili mbali na uso. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja, moja moja, na jikoni kila mtu akangoja. Chungu kikachemka kikamwagika, hakuna aliyekitoa. Alipomaliza hakumpa Jeff. Alimwonyesha Wachuka kwanza.

*Nitampeleka siku hiyo hiyo. Hata wakisema maji ya mgongo. Nitashika mkono wake wakitoa.*

Wachuka alimpa Jeff simu. Jeff alisoma. Alimtazama Eucabeth, na kitu kilipita kati yao ambacho hakikuhitaji masikio, kwa sababu Jeff naye alikuwa sebuleni siku ile, na miezi hii yote alikuwa amempita mwanamke huyu barabarani bila salamu. Aliinama akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, kama mtoto anavyowasalimu wakubwa. Kisha akatoka nje, akafungua kamba garini. Aliondoka na magunia mawili ya waru na kabati la vyombo, ambalo Cate alikuwa amekwisha mpangia mahali. Alimwachia mama yake kitanda. Kabla ya kuondoka aliweka namba mpya kwenye simu za wanawake wote wanne, mmoja baada ya mwingine, akihakikisha.

Wale wa kwaya walikwenda zao mchana. Waliaga kwa kugusana mikono na kutabasamu kwingi, maana hawakujua bado njia nyingine, na Wachuka aliona jinsi mmoja wao alivyotazama saa. Hakumlaumu. Kukaa na kiziwi ni kazi. Wengine wataizoea, wengine watapunguza kuja, na Alhamisi nyingi zitakuwa ndefu. Mashine ya unga ilikuwa bado inasaga kichwani.

Eucabeth alibaki. Alitwaa kisu, akavuta beseni la viazi, akaketi kwenye mwanga wa mlango akimenya, na baada ya kiazi cha pili akasahau. Akaanza kuongea. Alikuwa amempa mgongo, mdomo hauonekani, na alikuwa anaongea kama walivyoongea shambani miaka ishirini, bila kuinua kichwa. Wachuka aliona kisu kikisimama hewani mahali pa kutilia mkazo, bega likipanda kwa dharau, kichwa kikitikisika juu ya ujinga wa mtu fulani. Angeweza kumgusa amkumbushe. Hakumgusa. Alivuta kigoda akaketi nyuma yake, akachukua kisu cha pili, na mabega ya Eucabeth yalipoanza kutikisika kwa kicheko, naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo, bila kujua ni nini.